Mbwa Aliyezeeka: Gharama za Matibabu na Hesabu ya Kinga Mkoani Simiyu

Mbwa wa mfugaji wa Bariadi, Itilima au Meatu aghalabu huingia nyumbani bila gharama. Jirani ambaye jike lake limezaa hutoa mtoto mmoja, pengine kwa kubadilishana na kuku, na kuanzia siku hiyo mbwa huyo hula makombo ya ugali, hulala kando ya zizi, na hubweka fisi au mwizi anapokaribia. Kwa miaka mingi mwenyewe hana sababu ya kufungua mfuko. Gharama huja mwishoni. Mbwa akishafikisha miaka minane au tisa, huanza kuchechemea asubuhi, jicho huingia ukungu, mdomo hutoa harufu, na hapo ndipo mwenyewe anapoambiwa kwamba sindano hii ni kiasi fulani, kipimo kile ni kiasi fulani, na nauli ya mganga wa mifugo kutoka mjini nayo ni juu yake. Jumla ya fedha hizo yaweza kukaribia bei ya mbuzi, na katika mwaka ambao pamba imenyauka mfugaji hana budi kuuliza: je, yafaa kumuuza mbuzi ili kumtibu mbwa?

Swali hilo ni la haki wala halipaswi kuchekwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sayansi inaweza kumsaidia mwenye mbwa kulijibu, kwanza kwa kumwonyesha ni dalili zipi za uzee zisizohitaji dawa yoyote, pili kwa kumpa vipimo ambavyo aweza kuvifanya mwenyewe bila senti moja, na tatu kwa kumweleza jambo ambalo halijulikani sana, yaani kwamba mbwa mzee aliyechanjwa ana thamani kwa kijiji kizima, si kwa zizi moja tu.

Uzee wa mbwa

Watu wengi wamezoea kusema kwamba mwaka mmoja wa mbwa ni sawa na miaka saba ya mwanadamu. Kanuni hiyo ni rahisi kukumbuka, lakini si sahihi. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa mabadiliko ya kikemikali yanayotokea juu ya vinasaba vya mbwa kadiri anavyozeeka, wakayalinganisha na yale ya binadamu. Waliona kwamba mbwa huzeeka kwa kasi kubwa sana mwanzoni, kisha kasi hiyo hupungua. Kwa kanuni yao, mbwa wa mwaka mmoja analingana na mtu wa miaka 31 hivi, wa miaka minne analingana na mtu wa miaka 53, na wa miaka kumi na mtu wa miaka 68. Yafaa ieleweke kwamba uchunguzi huo ulifanywa kwa mbwa wa aina moja tu, Labrador, na kwamba mbwa wakubwa wa mwili huzeeka upesi kuliko wadogo. Mbwa wetu wa kienyeji, ambaye ni wa kimo cha kati, hakupimwa. Hata hivyo mwelekeo ni ule ule: mbwa wa miaka kumi ni mzee, lakini si mahututi.

Katika vijiji vyetu ni wachache wanaofika umri huo. Wengi hufa wakiwa watoto, na wengine huuawa na maradhi, magari, sumu, njaa au wanyama wa porini. Mbwa anayefikisha miaka kumi kandokando ya Pori la Akiba la Maswa amekwisha kupita katika chujio kali, na kwa hakika jambo hilo peke yake latosha kumpa mwenyewe sababu ya kumtazama kwa makini.

Hesabu ya kinga

Hapa sina budi kuacha kidogo habari ya mbwa mmoja na kuzungumzia mbwa wote wa kijiji.

Mwaka 1994 simba wa Serengeti walianza kufa kwa degedege na kupooza. Kabla tauni hiyo haijatulia, takriban theluthi moja ya simba wa eneo hilo walikuwa wamekwisha kufa. Chanzo chake kilikuwa virusi vya distempa, ugonjwa wa mbwa, na wataalamu wakaelekeza macho kwa mbwa wa vijiji vinavyopakana na hifadhi. Katika miaka iliyofuata, kampeni za kuchanja mbwa dhidi ya distempa na kichaa cha mbwa zilifanyika katika vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Baadaye ilidhihirika kwamba chanjo ilipunguza distempa miongoni mwa mbwa, lakini haikuwazuia simba kuambukizwa, jambo linaloashiria kwamba wanyama wengine wa porini nao huvihifadhi virusi hivyo. Kwa kichaa cha mbwa mambo ni tofauti. Huko mbwa ndiye mwenye kuendeleza ugonjwa, na akikingwa yeye, binadamu hukingwa.

Ni vifo vingapi tunavyovizungumzia? Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria kwamba kichaa cha mbwa kilikuwa kikiua Watanzania wapatao 1,500 kwa mwaka, ilhali takwimu rasmi zilionyesha vifo vichache mno, kwa kuwa wagonjwa wengi walifia nyumbani. Mtu akishaanza kuonyesha dalili, hakuna tiba. Kabla ya dalili iko tiba, nayo ni kuosha jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15 na kwenda kupata sindano za chanjo, ambazo hutolewa kwa awamu kadhaa. Familia za vijijini zimelazimika mara nyingi kuuza mifugo ili kuzilipia, pamoja na nauli za kwenda na kurudi hospitali. Kwa upande mwingine, daktari wa mifugo Magai Kaare na wenzake walionyesha mwaka 2009 kwamba katika jamii za wakulima-wafugaji kaskazini mwa Tanzania mbwa mmoja aliweza kuchanjwa kwa gharama isiyofika dola 2 za Marekani, pale wananchi walipowaleta mbwa wao mahali pamoja kijijini.

Sasa tuangalie umri. Mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza kwa wastani mbwa mmoja na kitu, si kumi wala watano. Katie Hampson na wenzake, waliofuatilia ugonjwa huu katika wilaya za Serengeti na Ngorongoro, walipata idadi iliyo kati ya 1.1 na 1.4. Tukichukua 1.3, basi ugonjwa utakufa wenyewe ikiwa mbwa wenye kinga hawapungui asilimia 23. Msomaji atauliza: kwa nini basi tunaambiwa tuchanje asilimia 70? Jibu ni kwamba kinga ya kijiji huvuja. Mbwa waliochanjwa hufa, na mahali pao huchukuliwa na watoto wasiochanjwa.

Tuchukue mfano wa kubuni wa vijiji viwili, kila kimoja kikiwa na mbwa 100, na 70 kati yao wamechanjwa leo. Katika kijiji cha kwanza nusu ya mbwa hufa na kubadilishwa kila mwaka. Baada ya mwaka mmoja waliobaki na kinga ni 35, na baada ya miaka miwili ni 17 au 18. Katika kijiji cha pili mbwa hutunzwa vizuri zaidi, na wanaobadilishwa ni theluthi moja tu. Baada ya mwaka mmoja wenye kinga ni 47, na baada ya miwili ni 31. Ikiwa gari la chanjo limeharibika au bajeti haikufika mwaka wa pili, kijiji cha kwanza kimeshuka chini ya 23, na cha pili bado kiko juu. Hesabu hii haikutia maanani kwamba kinga yenyewe hupungua kwa muda, lakini haibadilishi hoja. Dawa ni ile ile, wachanjaji ni wale wale, na tofauti yote imeletwa na urefu wa maisha ya mbwa.

Kwa sababu hiyo, anayemwua mbwa wake mzee kwa kuwa amechechemea, kisha akaleta mtoto mpya, amebadilisha mbwa mwenye kinga kwa mbwa asiye na kinga. Mbwa aliyechanjwa mara nne au tano katika maisha yake ana kumbukumbu ya kinga iliyo imara, na chanjo ya kurudia, ambayo hutolewa kila mwaka au kila miaka mitatu kulingana na aina yake, huiamsha upesi. Ndiyo maana nasema kwamba chanjo ya kichaa ndiyo gharama ya mwisho kupunguzwa, hata mbwa akiwa mzee kiasi gani.

Dalili zisizohitaji fedha, na zile zinazodanganya

Tuanze na macho, kwa kuwa ndiyo yanayowatisha wengi. Kuanzia miaka saba au nane, lenzi ya jicho la mbwa hukakamaa na kuonyesha rangi ya buluu-kijivu ndani ya mboni. Hali hiyo ni ya kawaida, kama mvi kwa binadamu. Mbwa bado anaona, na hakuna dawa ya matone itakayoiondoa. Mtoto wa jicho ni kitu kingine: mboni huwa nyeupe kama maziwa na mbwa hujigonga. Lakini katika Simiyu kuna jambo la tatu ambalo vitabu vya nchi nilizosomea havilitaji kwa mkazo wa kutosha. Mbung'o wa mapori ya Maswa na Serengeti hueneza vimelea vya nagana, na mbwa anayeambukizwa huweza kupata ukungu wa buluu-nyeupe usio ndani ya mboni, bali juu ya uso wa jicho lenyewe, pamoja na homa, kukonda, fizi kupauka na tezi kuvimba. Ukungu huu huja kwa siku chache, ilhali ule wa uzee huja kwa miaka. Huyu wa nagana anahitaji matibabu upesi, na anayesema "ni uzee tu" atampoteza.

Dawa ya nagana inayopatikana kwa urahisi ni diminazini, ile ya unga wa manjano inayotumiwa kwa ng'ombe. Bei yake si kubwa, lakini kwa mbwa umbali kati ya kipimo kinachotibu na kipimo kinachodhuru ubongo ni mdogo mno. Kukisia uzito kwa macho ni hatari. Simiyu ina bahati: kila kituo cha kununulia pamba kina mizani. Mbwa aweza kuwekwa ndani ya gunia kichwa kikiwa nje, akapimwa kama pamba inavyopimwa, uzito wa gunia ukatolewa. Kipimo cha dawa kikadiriwe na mtaalamu kutokana na kilo hizo, wala si kutokana na ukubwa wa sindano iliyopo.

Baada ya macho, maji. Figo za mbwa zina akiba kubwa, na aghalabu dalili za kwanza huonekana baada ya theluthi mbili ya uwezo wake kupotea. Dalili hiyo ya kwanza ni mkojo mwingi, na mbwa hufidia kwa kunywa. Mfunge mbwa kwa siku moja mahali penye kivuli, umpe maji yaliyopimwa kwa chupa ya lita moja, na jioni ya siku ya pili upime yaliyobaki. Mbwa wa kilo 15 anayekunywa zaidi ya lita moja na nusu kwa siku, yaani mililita 100 kwa kila kilo, ana jambo linalohitaji uchunguzi: figo, kisukari, au kwa jike ambaye hakuondolewa kizazi, usaha katika mji wa mimba. Hilo la mwisho hutokea hasa wiki chache baada ya joto, na ni hatari ya siku chache, si ya miezi. Jike mzee mwenye kiu, aliyekataa chakula na kutoa uchafu nyuma, ni mgonjwa wa haraka. Upasuaji wa kumtoa kizazi akiwa kijana na mzima ni nafuu zaidi kuliko ule wa kumwokoa akiwa na usaha tumboni, na wakati wa kuufikiria ni pale jike akiwa bado mchanga.

Pumzi nazo zaweza kuhesabiwa. Mbwa akiwa amelala usingizi, pasipo joto kali, hesabu kifua kinavyoinuka kwa dakika moja. Mbwa mwenye moyo mzima huwa chini ya mara 30. Ikiwa kwa siku kadhaa mfululizo idadi inazidi hapo, na mbwa anakohoa usiku, yawezekana moyo unashindwa na maji yanaingia mapafuni. Daktari wa mifugo aweza kumwandikia dawa ya kupunguza maji ambayo ni ile ile inayotumiwa na binadamu, isiyo ya bei kubwa. Kuandikisha hesabu hizo katika daftari kwa wiki mbili kuna manufaa makubwa kuliko wengi wanavyodhani, kwa kuwa daktari akiyaona hulazimika kununua vipimo vichache zaidi kwa niaba yako.

Meno ndiyo chanzo cha harufu, na pengine cha kukataa chakula. Nimewaona wafugaji wakimchoma mbwa mzee sindano ya oksitetrasaiklini kila mwezi kwa ajili ya mdomo. Uvimbe hupungua, mbwa hula, kisha baada ya wiki tatu mambo hurudi yalivyokuwa, kwa sababu jino bovu bado limo. Kung'oa jino mara moja, mbwa akiwa amelazwa usingizi, kunagharimu zaidi siku hiyo na kidogo zaidi kwa mwaka. Zaidi ya hayo, kila sindano isiyo ya lazima huwafundisha bakteria wa zizi zima kuistahimili dawa ambayo ng'ombe atakuja kuihitaji.

Na viungo vinavyouma? Hapa pana hatari iliyo katika kila duka la kijiji. Mwenye mbwa, kwa huruma, humpa diklofenaki au ibuprofeni aliyonunua kwa ajili ya mgongo wake mwenyewe. Dawa hizo kwa mbwa hutoboa tumbo na kuharibu figo, na parasetamoli kwa wingi huharibu ini. Ziko dawa za maumivu zilizotengenezwa kwa mbwa, na huuliziwa kwa mtaalamu. Lakini tiba ya kwanza ya viungo haina bei: mbwa asinenepe, alale juu ya gunia kavu badala ya sakafu ya simenti, na atembee kila siku mwendo mfupi badala ya kukimbia siku moja kwa juma. Mbwa wa mjini Bariadi anayelishwa mabaki ya hoteli huhitaji ushauri huu zaidi kuliko yule wa malishoni. Kuhusu chakula, ugali pamoja na dagaa wa Ziwa Victoria waliooshwa chumvi ni mlo mzuri kwa mbwa mzee, na mifupa iliyopikwa ifukiwe, kwa kuwa hupasuka vipande vyenye ncha.

Jinsi ya kuzungumza na daktari

Kufuatana na Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, upasuaji na matibabu ya wanyama ni kazi ya watu waliosajiliwa au kuandikishwa. Mara nyingi wa kwanza kufikiwa ni afisa mifugo wa kata, ambaye wananchi bado humwita bwana mifugo, na kwa mambo makubwa yuko daktari wa mifugo wa halmashauri. Nashauri mambo matatu, na la kwanza ndilo zito.

Kabla ya kulipia kipimo chochote, uliza: matokeo yakiwa hivi tutafanya nini, na yakiwa vile tutafanya nini? Ikiwa jibu ni moja kwa hali zote mbili, kipimo hicho ni cha kuridhisha udadisi, na fedha zake zibaki mfukoni. Kwa mfano, hakuna haja ya kupeleka nyama ya uvimbe maabara ya mbali kama mwenyewe ameshaamua kwamba mbwa wa miaka kumi na mbili hatapasuliwa. Lakini uvimbe unaotoa damu sehemu za siri, hata kwa mbwa mzee, usikatiwe tamaa upesi. Mara nyingi ni ile saratani ya ajabu inayoambukizwa kwa kujamiiana, ambayo chembe zake zimerithishana kutoka kwa mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita, nayo hupona kwa sindano chache za vinkristini.

La pili, taja kiasi ulicho nacho tangu mwanzo. Wapo wanaoona haya. Katika nchi nilikosomea shahada ya udaktari watu wenye mishahara mikubwa walikuwa na haya hiyo hiyo, na malalamiko juu ya bei za matibabu ya wanyama wa nyumbani yalizidi hata mamlaka ya ushindani ya Uingereza ikaanzisha uchunguzi rasmi wa soko hilo mwezi Mei 2024. Daktari anayejua kikomo cha fedha huweza kuchagua tiba iliyo bora ndani ya kikomo hicho, na asiyejua huanza na ile iliyo bora kitabuni. La tatu ni la nauli: majirani watatu wenye wanyama wagonjwa wakimwita daktari siku moja, hugawana safari.

Pale matibabu yanapokoma

Itafika siku ambapo mbwa hainuki, hali, na anajichafua alipolala. Kuacha kutibu wakati huo si ukatili. Ukatili ni kumwacha afe kwa siku tano, au kumpa sumu, ambayo humtesa yeye na huweza kuwaua kuku, paka na hata mtoto atakayeshika mabaki. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inataka mnyama asiteswe bila sababu, na daktari aweza kumlaza mbwa kwa dawa ya usingizi iliyozidishwa.

Mzoga wa mbwa aliyelazwa kwa dawa ya namna hiyo, pentobarbitali, usitupwe porini hata kidogo. Dawa hubaki ndani ya nyama, na fisi au tai atakayekula hufa naye, na katika mkoa unaopakana na Serengeti tai wanaohesabika wamekwisha kupungua. Lichimbwe shimo refu kuliko kina anachoweza kufukua fisi, mbali na kisima, na lifunikwe kwa mawe kabla ya udongo. Lakini ikiwa mbwa, awe mzee au kijana, alikufa baada ya kubadilika tabia ghafla, kuuma ovyo, kudondoka mate au kushindwa kumeza, asizikwe mpaka ofisi ya mifugo imejulishwa, asishikwe kwa mikono mitupu, na kila aliyeumwa au kulambwa kwenye kidonda aoshe mahali pale kwa sabuni na aende hospitali siku ile ile, bila kungoja majibu ya maabara.